Gari kuwasha taa za nyumba, inawezekana?

SWALI: Mhariri habari za kazi, nasikia eti huko mbele gari la umeme litakua linawasha nyumba nzima umeme ukikatika, ni kweli au ndo zile stori za vijiweni?

JIBU: Salama ndugu msomaji. Kweli kabisa na wala si mambo ya kesho, Japani mitambo hiyo iliingia sokoni 2012, mwaka mmoja tu baada ya lile tetemeko na tsunami. Betri ya gari la saizi ya kati inabeba kama uniti 60, kwa hiyo nyumba inayokula uniti 10 kwa siku inaenda karibu siku sita, ila hapo safari sahau. Kinachotakiwa ni chaja inayopitisha umeme kwenda na kurudi, na inverta, yaani kifaa cha kugeuza aina ya umeme, maana betri inatoa DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) na friji yako inataka AC (ule wa nyumbani, unaobadili mwelekeo kila mara), alafu lazima iwepo swichi ya kuitenga nyumba na laini ya nje, la sivyo fundi aliyeko juu ya nguzo anapigwa shoti. Ila kabla hujanunua gari uliza kama linaruhusu kutoa umeme, mengi bado hayaruhusu.