Ukitaka kufaidi riwaya za mauaji ya matajiri, zisome ukiwa umesimama jikoni

Watu huniuliza, wewe unaishi nyumba ya kupanga hapa Section 58, Nakuru, mbona unapenda hivi hizi stori za mauaji kwa mabwenyenye, majumba ya vyumba sijui arobaini, mabibi na lulu shingoni, mzee anaanguka mezani kabla hata nyama haijakatwa. Wanadhani ni tamaa ya maisha yale. Hapana. Mimi nazipenda juu ndani ya hizo nyumba kila mtu ana kitu cha kupoteza, na mtu mwenye kitu cha kupoteza hudanganya vizuri, na hakuna raha ya kusoma kama kumfuata mtu anayedanganya vizuri mpaka pale anateleza.

Nitakuambia vile mimi nazisoma, na hii sikufundishwa shule, nimeijulia kazini. Nimefanya katering miaka mingi, harusi, ruracio (sherehe za mahari), matanga ya wakubwa, nyumba za Milimani hapa mjini na mashamba ya upande wa Njoro na Naivasha. Mtu wa katering ukivaa ile shati nyeupe wageni wanaacha kukuona, unakuwa kama kabati. Kuna familia fulani nilikuwa nawanawisha mikono kabla ya chakula, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, na ndugu wawili wamesimama mbele yangu wanavutana kuhusu taito ya shamba la baba yao, baba mwenyewe ameketi hapo mita chache anaongea na padri. Hawakushusha sauti hata kidogo. Yule mkubwa mikono ilikuwa inatetemeka, maji yakawa yanamwagika nje ya beseni yananiingia kwa viatu, na alipomaliza alisahau taulo akaenda kumsalimia baba yake na mikono imelowa. Mdogo naye alijipangusa polepole kidole kwa kidole akirudia maneno yale yale, kwamba karatasi zishasainiwa. Mimi nilijua mambo ya ile familia siku ile kuliko padri.

Tangu hapo kila nikifungua riwaya ya aina hii swali langu la kwanza sio nani ameua. Nauliza nani alikuwa ameshika jagi.

Chukua ile riwaya ya kwanza kabisa ya mwandishi Mwingereza Agatha Christie, The Mysterious Affair at Styles, iliyotoka mwaka 1920. Mama tajiri mwenye umri mkubwa ameolewa upya na mwanamume mdogo kuliko yeye, watoto wa kambo wako hapo hapo nyumbani wanangoja, na usiku mmoja anakufa kwa sumu ya striknini. Ukisoma kwa haraka macho yanakimbilia kwa mume, kwa watoto, kwa wageni wenye majina marefu. Lakini angalia nani anajua nini. Mchana ule mama aliwaita ndani watu wa bustani watie sahihi chini ya karatasi ndefu. Na kwenye siku ya joto kali kabisa aliagiza moto uwashwe chumbani kwake. Sasa mtu wa bustani anaitwa ndani kusaini nini? Wosia unataka mashahidi wawili, ndivyo ilivyo Uingereza na ndivyo ilivyo kwa Sheria yetu ya Urithi hapa Kenya, na mtu akitaka mashahidi ambao hawatamuuliza maswali anawaita walio karibu, wale wa kumwagilia maua. Na moto siku ya joto wa nini? Sisemi zaidi, nenda usome, lakini unaona vile habari yote ya pesa inapitia kwa mikono ya wafanyakazi kabla haijamfikia mpelelezi.

Na huyo mpelelezi mwenyewe, Poirot, ni mkimbizi. Ametoka Ubelgiji juu ya vita, anaishi kijijini na wenzake kwa hisani ya huyo huyo mama aliyeuawa. Hiyo haikuwekwa bure. Kwenye jamii ya wakubwa hakuna anayeweza kumuuliza mwenzake swali la aibu, wamesoma shule moja, wameoleana, wanadaiana. Anayeweza kuuliza ni mtu wa nje asiye na kitanda kwenye ile nyumba. Na Christie striknini hakuiokota hewani, wakati wa vita ile ya kwanza ya dunia alifanya kazi kwa famasi ya hospitali kule Torquay, alijua dozi.

Kwa hivyo ushauri wangu wa pili, fuata pesa kabla ya kufuata damu. Mimi huandika majina nyuma ya risiti yoyote niliyo nayo, naacha kama alamisho, na mbele ya kila jina naandika mzee akifa leo huyu anapata nini, na mzee akiishi mwaka mwingine huyu anapoteza nini. Swali hilo la pili ndilo tamu zaidi, watu wengi hulisahau. Majina ya kizungu yasikutishe, wachukulie tu kama ukoo wowote unaoujua, kuna mzee, kuna mama wa pili, kuna mtoto aliyepotelea ng'ambo, kuna shemeji anayekopa.

Zamani waandishi wenyewe walijiwekea sheria. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja aliyeandika kwa jina la S. S. Van Dine alichapisha sheria ishirini za riwaya za upelelezi, na moja ilisema mtumishi asifanywe muuaji, muuaji lazima awe mtu wa maana. Mimi hiyo naiona dharau tupu. Lakini msomaji inakufaa, juu ukishajua kwamba mtumishi haangaliwi utajua pia kwamba hapo ndipo pazuri pa kuficha kitu, kidokezo kikubwa kitawekwa kwa mdomo wa msichana wa kazi katikati ya malalamiko yake ya vikombe, na kuna waandishi waliomvalisha muuaji nguo za mtumishi kwa sababu walijua hakuna anayetazama uso wa mtu aliyebeba trei.

Dharau nyingine iko, nisikufiche. Hivi vitabu vya miaka ya 1920 na 1930 vina maneno mabaya kuhusu Waafrika, Wayahudi, Wahindi. Kuna kimoja cha Christie cha mwaka 1939 ambacho jina lake la kwanza lilikuwa tusi kwa watu weusi mpaka likabadilishwa. Ukikutana na hayo usijilazimishe kuyameza, kasirika, halafu uamue kama unaendelea. Mimi huendelea nikiwa nimekasirika.

Na sisi wa huku Bonde la Ufa tuna sababu ya kuvielewa zaidi, mabwenyenye wa aina hiyo waliishi hapa wakati wa mkoloni. Nenda Njoro uone kasri la Lord Egerton, mtu wa ukoo wa ma-baroni wa Uingereza aliyefariki 1958, wanasimulia alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Ukisimama kwa ile ngazi fikiria nani alikuwa anaipiga msasa. Au pita Naivasha, pale ziwani ndipo Lord Erroll, mlowezi mwenye cheo, alikuwa na ile nyumba waliyoiita Djinn Palace. Huyo Erroll aliuawa Januari 1941 nje ya Nairobi, risasi ya kichwa, ndani ya gari lake aina ya Buick, alikuwa na uhusiano na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton, ambao walikuwa wamefunga ndoa miezi michache tu nyuma. Broughton alishtakiwa, akaachiliwa Julai, mwaka uliofuata akafa Liverpool kwa kuzidisha mofini, na Diana akaolewa na Gilbert Colvile, baadaye na Lord Delamere. Aliyeua hajulikani rasmi mpaka leo. Na gari lilikutwa na nani usiku ule? Waafrika wawili waliokuwa wanapeleka maziwa. Mabwana na mabibi wa ile kesi wameandikwa mpaka nguo walizovaa, wale wa maziwa wanapita kwa sentensi moja. Mimi ningetaka riwaya nzima ya hao wawili, ni nini walijua barabarani saa tisa za usiku siku zote ambazo hakuna aliyewauliza.

Kama ndio unaanza, usianze na Kiingereza. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, Unguja, tajiri mwenye mashamba amekutwa ameuawa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake. Jaribu maktaba ya taifa hapa Nakuru, au waulize wale wa vitabu vya mitumba mjini, uzuri wao wakikujua wanakuwekea. Usifungue ukurasa wa mwisho hata ukisukumwa vipi. Soma mara ya kwanza kwa raha, halafu rudia ukiangalia tu wafanyakazi, kila anapoingia mtu na chai, kila anapofungua mtu mlango, andika. Ukimaliza hicho chukua Kisima cha Giningi, Bwana Msa yumo tena.