Kila Mmoja Ana Redio, Mbona Hawasikilizani?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninajitolea kwenye huduma ya kwanza huku Muheza. Ikitokea ajali barabara ya Segera, polisi, zimamoto na watu wa ambulansi wote wana redio za upepo, lakini wakitakana wanapigiana simu. Redio zina tatizo gani? – Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, anza na masafa, yaani namba ya mawimbi ambayo redio hutumia. Redio ya VHF ya nchi kavu hufanya kazi kati ya MHz 136 na 174. Ya UHF mara nyingi 400 hadi 470. Mwenye VHF na mwenye UHF hata wakisimama bega kwa bega hawatapatana. Zikiwa bendi moja, bado DMR haielewani na TETRA (zote ni mifumo ya kidijitali), wala TETRA na analogi, mfumo wa zamani usio wa kidijitali.

Kinachosumbua sana kwenye analogi ni toni. Toni ni mlio mdogo unaotumwa pamoja na sauti. Redio ikiwekewa toni, tuseme Hz 88.5, isipoipata hufunga spika: taa ya kupokea inawaka, sauti hakuna. Shikilia kitufe cha monita, kinachofungua spika bila kusubiri toni. Ukimsikia mtu, masafa ni sawa, toni ndiyo haifanani. Ukisikia mkwaruzo mzito usio na maneno, mwenzako yuko dijitali. Sauti ikiwa hafifu, au ikipasuka anapoongea kwa nguvu, huenda mmoja amewekewa upana wa chaneli wa kHz 12.5 na mwingine 25.

Wengi hukimbilia kifaa cha kuunganisha mitandao. Kinasaidia, ila kisipopangwa vizuri kinaumiza: ripita (mtambo unaopokea na kurusha tena mawimbi) hubaki hewani kidogo baada ya msemaji kuachia kitufe, kifaa kinadhani bado anaongea, na mitandao miwili inawashana mfululizo huku watu wanasubiri kuokolewa.

Sisi tungeanza na chaneli moja ya pamoja iliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano: VHF, analogi, kHz 12.5, bila ripita, bila toni, yenye jina lilelile kwenye kila redio. Wenye UHF wawekewe redio moja ya VHF garini. Eneo la ajali, redio ya mkononi ya wati 5 inatosha. Taarifa za kwenda mjini zipite kwenye redio ya gari. Kwenye kona za Mombo–Lushoto mlima unakata mawimbi, kwa hiyo gari moja lisimame palipo wazi, lipokee na kurudia ujumbe. Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme, kwa Kiswahili cha kawaida. Kila idara ina namba zake za siri na mwenzako hazijui. Chaneli hiyo ijaribiwe kila wiki na idara zote tatu, maana redio ikitoka kwa fundi mara nyingi hurudi bila chaneli ya pamoja, na hakuna anayegundua hadi siku ya ajali.

SWALI: Boti ikipata shida nje ya Pangani, tuite wapi? – Mvuvi

JIBU: Chaneli 16 ya baharini, MHz 156.8. Sema “Mayday” mara tatu, jina la boti, mahali mlipo, shida, na idadi ya watu. Ukiwa umeketi botini na antena ya nchi kavu iko mita 30 juu, tarajia kama kilomita 27 kwa hali nzuri. Ukisimama unaongeza kidogo. Shika redio wima. Ukiilaza, mawimbi yanapungua nguvu.