Unayemtafuta nabii, hebu msome Yohana kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna swali naulizwa sana, kanisani, kwenye jumuiya, mpaka kwenye grupu la wasapu la ukoo ambako tunatakiwa tuongelee michango ya harusi tu: nitamjuaje nabii wa kweli? Na anayeuliza mara nyingi ameshatumiwa klipu, kuna mtu katajiwa namba yake ya simu jukwaani, mwingine kaambiwa jina la shangazi yake, umati unapiga kelele, na mwisho wa klipu inatokea namba ya kutumia sadaka. Mimi sio mchungaji, ni mzee wa kanisa wa usharika wa kawaida tu na nimefundisha watoto wa Kipaimara miaka mingi, kwa hiyo msitegemee Kigiriki hapa. Huwa namjibu mtu hivi: kabla hujakata tiketi ya basi kwenda kwa nabii yeyote, kaa kwanza na Yohana Mbatizaji hata wiki moja.

Kwa nini Yohana? Kwa sababu huyu Yesu mwenyewe alisema ni nabii, tena zaidi ya nabii (Mathayo 11:9), halafu ukifungua Injili ya Yohana 10:41 unakuta watu wa ng'ambo ya Yordani wanasema wazi kabisa kwamba Yohana hakufanya ishara yoyote. Hakuna, sifuri. Hatusomi popote kwamba alimsimamisha kiwete au alimwambia binti ataolewa mwezi gani. Wakaongeza kitu kimoja tu, kwamba yote aliyoyasema kuhusu Yesu yalikuwa kweli, na wengi wakamwamini Yesu palepale. Aya hiyo darasani huwa naisomesha mara mbili, maana mara ya kwanza watoto wanadhani nimekosea kufungua.

Na si kwamba watu walikuwa na manabii wengi wa kuchagua. Kutoka Malaki, nabii wa mwisho wa Agano la Kale, mpaka kwake inahesabiwa kama miaka 400, na Malaki alifunga akiwa ameahidi mjumbe wa kutengeneza njia na Eliya wa kuigeuza mioyo ya baba kwa watoto na ya watoto kwa baba zao. Halafu anatokea mtu nyikani kavaa singa za ngamia na mshipi wa ngozi, kama Eliya vile, anakula nzige na asali ya mwitu. Angetaka kujinadi angekuwa na soko lote peke yake.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa nini. Kutengeneza njia ya Bwana. Isaya 40 inasema bonde liinuliwe, mlima ushushwe, palipopotoka panyooshwe, na hiyo sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana, tunajua mkubwa akiwa na ziara mkoani inakuwaje: greda linapita usiku na mchana, mashimo yanafukiwa, mawe ya pembeni yanapakwa chokaa. Shida ni kwamba barabara zetu nyingine ni za chokaa tu, msafara ukishapita shimo linarudi palepale lilipokuwa. Yohana alikuwa hataki chokaa. Mathayo 3:7 Mafarisayo na Masadukayo wanakuja kwenye ubatizo wake, watu wakubwa wa dini, na ukitoka Yerusalemu mpaka kule chini Yordani unateremka zaidi ya mita 1,000 halafu kurudi ni kupanda, yaani sio safari ya kutania, na badala ya kuambiwa wageni wetu simameni tuwaone, wanaambiwa wazao wa nyoka. Na kwamba wasijipe moyo eti tunaye baba, ndiye Ibrahimu. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu, maana kwetu Ibrahimu ni lile la "mimi nimezaliwa Mlutheri, babu yangu alibatizwa na wamisionari".

Lakini ushauri wangu mkubwa uko Luka 3, mstari wa 10 mpaka 14, na kama huna muda soma hiyo mitano tu. Baada ya ukali wote ule watu wakamuuliza, sasa tufanye nini? Angalia majibu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula hivyo hivyo. Watoza ushuru, msitoze zaidi ya mlichoamriwa. Askari, msidhulumu mtu wala kumsingizia, na mridhike na mshahara wenu. Basi. Hakuna aliyeambiwa alete mbegu ya kupanda madhabahuni, hakuna aliyeuziwa maji ingawa jamaa alikuwa amesimama ndani ya mto mzima. Na kinachonishangaza zaidi, mtoza ushuru hakuambiwa aache kazi, kaambiwa arudi pale pale mezani kesho asubuhi akatoze kiwango halali, na nadhani hilo ni gumu kuliko kufunga siku kadhaa, maana mfungo una mwisho ila ile meza utaikuta kila siku na wenzako wote pale wanaongeza chao juu.

Tulijaribu kitu hiki kwenye jumuiya yetu. Tukasoma ile mitano, nikasema leo hatuombei mataifa, leo kila mtu aulize swali lile lile kwa kazi anayoifanya, mimi muuza genge nifanye nini, mimi fundi nifanye nini. Kimya kirefu. Watu wakaanza kuangalia simu. Ndipo mama mmoja anayeuza mkaa na maharage kwa kopo akacheka akasema basi mimi la kwangu mnalijua, akashika hewani akatuonyesha kwa kidole gumba jinsi kitako cha kopo kinavyobonyezwa kwa ndani ili lionekane limejaa. Tukacheka wote, wengine sauti kubwa kupita kiasi. Wiki iliyofuata nilipita kwake nikakuta kopo jipya la rangi, kitako bapa, na bei imepanda kidogo. Mteja mmoja alikuwa analalamika kuhusu bei na yeye anamjibu pima mwenyewe baba, pima. Mimi nikiulizwa kazi ya nabii ni nini naonaga lile kopo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hicho. Ukitoka kwa huyo nabii wako, Jumatatu una la kufanya kazini kwako? Au una la kununua na la kusubiri tu?

Cha pili angalia anajibuje akiulizwa yeye ni nani. Yohana 1:19 na kuendelea, Yerusalemu wanatuma makuhani na Walawi kumhoji. Anasema mimi siye Kristo. U Eliya? Mimi siye. Wewe u nabii yule? La. Ukizisoma kwa sauti unasikia majibu yanavyozidi kuwa mafupi, mtu hana hamu kabisa ya kujieleza, mpaka wakambana kwamba lazima turudi na jibu kwa waliotutuma, ndipo akasema mimi ni sauti. Sauti tu ya mtu aliaye nyikani. Halafu njoo mjini uone mabango yetu, jina la mtu limetanguliwa na vyeo vitatu, picha yake kubwa, na jina la Yesu liko kona ya chini karibu na namba za simu za waratibu. Sisemi kila mwenye bango ni wa uongo, hapana, hata sisi usharikani tunatengeneza mabango ya mikutano. Nasema angalia nani kajaza bango.

Hapa sasa naomba niongee na wenzangu tunaotumika, maana ni rahisi kuwasema manabii wa kwenye klipu huku sisi wenyewe tuna falme zetu ndogo kwenye kwaya na vikundi. Darasa langu la Kipaimara lilipokua usharika ukaleta mwalimu kijana, mwinjilisti, anapiga gitaa, anajua kuongea na watoto. Mwanzoni tuligawana darasa. Baada ya muda mfupi wa kwangu wakaanza kuomba ruhusa ya chooni halafu nawaona kupitia dirishani wamekaa kwa yule. Inauma jamani, mtu asikudanganye, umewafundisha amri kumi kwa chaki ya mkononi mwako halafu wanakukimbia kwa sababu ya gitaa. Na wapo watu wazima wazuri tu walionifuata kunipa pole kwa namna ya kunichochea, eti mzee unaona huyu kijana anavyokufanyia?

Hao ndio hao wa Yohana 3:26. Wanafunzi wa Yohana wanamwendea, wakati huo yuko Ainoni karibu na Salimu anabatiza kwa kuwa palikuwa na maji tele, wanamwambia yule uliyemshuhudia naye anabatiza, na watu wote wanamwendea yeye. Kwa upendo kabisa wanampelekea wivu kwenye sahani. Na jibu lake ni lile la rafiki wa bwana arusi, anayesimama na kusikia sauti ya bwana arusi akafurahi, halafu "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Mstari huu tunaupenda kuuimba ila tunasahau ulisemwa siku gani, ulisemwa siku mahudhurio yanashuka. Na kabla ya hapo alishawapoteza wengine kwa mdomo wake mwenyewe, alimwonyesha Yesu, akasema tazama, Mwana-Kondoo wa Mungu, na wawili wakaondoka palepale wakamfuata Yesu, mmoja akiwa Andrea, ndugu yake Simoni Petro. Yaani moja ya mitume 12 alitoka kwenye darasa la Yohana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefundisha, anayeongoza kwaya, admini wa grupu la maombi: kabidhi mapema, wakati bado unapendwa. Mimi nilimpa yule kijana daftari la mahudhurio, funguo ya kabati la Biblia, nikamfanya admini wa grupu la wazazi kisha nikajitoa uadmini, nikabaki na kazi ya kusahihisha mitihani ya Katekisimu Ndogo ambayo hakuna anayeigombania. Wale wa kunipa pole niliwaambia mpeni yeye namba zenu.

Na usipokabidhi inakuwaje? Matendo 19, Paulo anafika Efeso anakuta wanafunzi kama 12, anawauliza kuhusu Roho Mtakatifu wanasema hata kusikia hatujasikia. Mlibatizwa kwa ubatizo gani? Kwa ubatizo wa Yohana. Yohana ameshakufa miaka mingi na kuna watu bado wamekaa kwenye njia yake, hawajafika njia ilikokuwa inakwenda. Apolo pia, fundi wa maandiko, alijua ubatizo wa Yohana tu mpaka Prisila na Akila walipomchukua wakamweleza vizuri zaidi. Kama hilo limempata Yohana ambaye kila siku alikuwa anasema sio mimi, sio mimi, wewe na mimi tusiosema hivyo itakuwaje.

La mwisho ni gumu kidogo na ndilo linanifanya nimpende Yohana. Herode alimfunga kwa sababu alimwambia si halali kwako kuwa na mke wa ndugu yako. Josephus, yule mwanahistoria Myahudi, anasema aliuawa kwenye ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, leo ni nchi ya Jordan, na yeye anaeleza kwamba Herode aliogopa ushawishi aliokuwa nao kwa watu. Akiwa gerezani akatuma wanafunzi wakamuulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Mtu aliyemnyooshea kidole mtoni! Ukiwa unatumika na siku moja ukajikuta unauliza hivyo, usijifiche na usiigize imani jukwaani, uliza, tena umuulize mwenyewe kama Yohana alivyofanya. Jibu alilopewa lina vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema, maneno yanayofanana na ya Isaya 35 na 61, ila ile ya Isaya 61:1 kuhusu waliofungwa kufunguliwa haimo. Na anayesubiri jibu yuko gerezani. Kisha anaambiwa heri asiyechukizwa nami. Na zile sifa zote, kwamba hakuondokea mkubwa kuliko Yohana, Mathayo anasema Yesu alizianza wale wajumbe wakienda zao. Inawezekana kabisa Yohana hakuzisikia.

Mkitaka kulifanya hili kwenye jumuiya, Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, ndiyo wakati wake, maana Yohana anasomwa sana Jumapili hizo kwenye makanisa yanayofuata kalenda. Someni Luka 3:10-14 tu, kila mtu aulize kwa kazi yake, msianze na mchungaji wala mzee wa kanisa, anzeni na mtu wa biashara maana ndiye anayechangamsha. Saa moja inatosha. Chai iletwe baada ya kumaliza, watu wakishashika kikombe na andazi hakuna anayesoma tena.