Maswali ya Wasomaji: Kumchagua Nyoka wa Mahindi Mwenye Afya

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ipagala hapa Dodoma. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 16, amesoma habari za nyoka aitwaye nyoka wa mahindi, na mwaka mzima sasa ananiomba nimnunulie mmoja wa kufuga. Baba yake amekubali kwa shingo upande. Mdogo wao wa mwisho ana miaka mitatu. Kuna mtu ameahidi kutuletea kwa bei nafuu, ila hataki kusema anamtoa wapi. Nitajuaje kuwa sijauziwa nyoka mgonjwa?
Mama wa Ipagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilichonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni huyo muuzaji asiyetaka kusema anakomtoa nyoka wake, kwa hiyo naomba nianze naye kabla sijafika kwenye ugonjwa.

Nyoka wa mahindi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia jimbo la New Jersey hadi Florida, ambako huingia katika maghala ya mahindi kuwafuata panya. Hana sumu, humkaba panya kwa kujiviringisha mwilini mwake, kisha humeza. Kwa kuwa hapatikani katika vichaka vyetu, yeyote atakayeuzwa Dodoma lazima awe ameingizwa nchini kwa vibali, au amezaliwa na wazazi walioingizwa hivyo. Anayekuletea nyoka wa rahisi asiye na chimbuko huenda amemkamata porini upande wa Bahi au Chamwino na kumpa jina lenye soko. Hapo ndipo penye hatari ya kifo, kwa maana tunao nyoka wa mitini wenye sumu kali ambao ni wapole kuwatazama na meno yao ya sumu yako nyuma ya taya, hata mtu akawashika mara kadhaa bila kuumwa na akaamini kuwa hawana neno. Rangi ya mgongoni isikudanganye. Nyoka wa mahindi kwa kawaida ana mabaka mekundu au ya rangi ya chungwa yaliyozungukwa na mstari mweusi, na tumboni ana miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Lakini wafugaji wamezalisha rangi nyingine nyingi, kwa hiyo kinachomthibitisha ni kumbukumbu za mfugaji na macho ya mtaalamu.

Upande wa sheria, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na mnyama hai anayetoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha afya ya mifugo. Nenda kwanza kwa maofisa wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ukaulize, ndipo uzungumze bei. Muuzaji akikuambia kwamba karatasi zitafuata baadaye, usimpe hata shilingi.

Sasa nije kwenye afya yake. Mwombe muuzaji amtoe nyoka, akuwekee mikononi. Nyoka mzima hujikaza taratibu kwenye vidole, hutembea mkono hadi mkono na kutoa ulimi mara kwa mara ili kunusa. Anayening'inia kama kamba iliyolowa, au anayeinua kichwa na kukikunja kuelekea mgongoni bila kujirekebisha, ni mgonjwa. Mtazame umbo: mwili wa nyoka aliyeshiba vizuri hufanana na mkate wa boflo uliokatwa, tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Ukipitisha kidole mgongoni ukauhisi uti wa mgongo umesimama kama ukingo wa kisu, huyo amekonda kwa muda mrefu, hata kama muuzaji atakuapia kwamba alikula jana.

Kisha chukua kitambaa cheupe cha karatasi, umfute polepole chini ya kidevu na kuzunguka macho. Vikibaki vidoa vyeusi vidogo kama vumbi la pilipili manga, na baadhi vikatembea, huo ni utitiri, ndugu wa ule unaowasumbua wafugaji wa kuku. Chungulia pia bakuli la maji, kwa sababu nyoka mwenye utitiri hupenda kulala majini na wadudu wengine hufia humo. Utitiri hunyonya damu, hueneza maradhi kutoka nyoka mmoja hadi mwingine, na kuumaliza ni kazi ya wiki nyingi. Mimi nisingenunua nyoka yeyote katika chumba ambamo nimeuona kwa mmoja tu.

Kinywa kiwe safi, chenye rangi ya waridi hafifu, bila usaha wa njano mithili ya jibini. Anayepumua kwa mlio, akaacha kinywa wazi au akatoa mapovu puani, ana maambukizi ya njia ya hewa. Tundu la haja liwe kavu. Macho yawe maangavu, ila usiogope ukiyakuta ya buluu yenye ukungu, kwani hiyo ni dalili kwamba yu karibu kujivua gamba. Nyoka mwenye ualbino, yaani aliyezaliwa bila rangi nyeusi mwilini, naye huwa na macho mekundu, na hiyo si kasoro. Kasoro ni gamba la zamani lililosalia juu ya jicho au kwenye ncha ya mkia. Niliwahi kuletewa nyoka mmoja ambaye mkia wake ulikuwa umekauka na kuwa mweusi kama kijiti, kwa sababu pete za gamba zilizobanwa hapo zilizuia damu isipite. Mwenye nyoka alidhani amezaliwa hivyo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mlo. Usinunue kinda aliyetoka kwenye yai juzi. Subiri awe amekula angalau mara tano, na uombe kumwona akila kwa macho yako. Kinda hula panya mchanga asiyeota manyoya kila baada ya siku tano hadi saba. Aliyekomaa hula kila baada ya siku 10 hadi 14.

Andaeni makazi yake kabla hajafika, kila nyoka peke yake. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 28 hadi 30 na mwingine nyuzi 22 hadi 24, kwa maana usiku wa Juni na Julai hapa kwetu hushuka hadi karibu nyuzi 13, na nyoka aliyeshiba akipatwa na baridi hushindwa kusaga chakula na kukitapika. Katika kiangazi chetu kikavu, muwekee pia kikasha chenye kitambaa kibichi ili gamba limtoke vizuri.

Limebaki la mtoto wako wa miaka mitatu. Nyoka, hata akiwa mzima kabisa, anaweza kubeba bakteria wa salmonela katika kinyesi chake, na watoto wa chini ya miaka mitano huugua vibaya zaidi. Ushauri wangu ni kwamba msubiri hadi mdogo huyo avuke umri huo. Najua kijana wako atasikitika. Mwambie kwamba nyoka huyu huishi miaka 15 hadi 20, na kwamba miaka miwili ya kusubiri inatosha kufuatilia vibali na kumtafuta mfugaji wa kuaminika.

SWALI: Daktari, nilinunua nyoka wa mahindi kwa mfugaji mwenye vibali. Ana siku tisa nyumbani na amekataa panya mara mbili. Je, nimetapeliwa?
Msomaji wa Area C

JIBU: Pengine hapana, ndugu yangu. Nyoka aliyehamishwa huogopa, na nadhani mmemshika mno. Mwache siku saba bila kumgusa, awe na maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Hakikisha kipimajoto kiko sakafuni anapolala, kwani kikiwa ukutani kitakudanganya. Kisha mpe panya aliyepashwa moto kidogo, jioni, ukaondoke chumbani. Mpime uzito leo na kila wiki. Akiendelea kupungua, au akila kisha akatapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kinyesi chake kibichi kwenye kichupa.