Mashine ya presha ikikupa namba tatu tofauti, usiitupe

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Kamnunulia mama yake mashine ya presha, akampima mara tatu ndani ya robo saa: 158/96, halafu 149/90, halafu 141/87. Anauliza, "Nimeuziwa mbovu?" Swali hili linarudi kila mara, na sote tunaolea wazazi nyumbani tunahitaji jibu lake.

Kwa namba hizo, mashine yaelekea ni nzima. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, na nguvu hiyo haitulii. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kama mililita 70 kwa kila pigo. Kwa mapigo 70 kwa dakika hizo ni karibu lita 5, yaani takriban damu yote ya mwilini. Namba ya juu ni shinikizo moyo unapojikaza kusukuma, ya chini ni unapolegea ili ujae tena. Hapo katikati damu haisimami, kwa sababu aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, hutanuka kila pigo kisha hujirudi kama mpira na kuisukuma mbele. Umri ukisogea aota hukakamaa: namba ya juu hupanda, ya chini yaweza hata kushuka. Kwa hiyo mzee mwenye 160/70 asifarijiwe kwamba "ya chini iko sawa". Ana presha ya kupanda.

Kinachobadilisha namba ndani ya dakika chache ni mishipa midogo, ateriola, ambayo kuta zake zina misuli ya kubana na kulegea. Kipenyo cha mshipa kikipungua nusu, ugumu wa damu kupita huongezeka mara 16. Hofu, baridi, mkojo uliobana, hata maongezi, vyote huibana. Mara ya kwanza mkanda ulipojaa upepo mama alishtuka; mara ya tatu alishauzoea.

Sasa tupime inavyotakiwa. Nusu saa kabla, asivute sigara, asinywe kahawa wala chai ya rangi, asifanye kazi nzito. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo, si kitandani wala mkekani, miguu yote miwili ikanyage chini bila kupishana, atulie dakika 5 kimya. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi weka mto. Hapa wengi wanakosea. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe unaongeza milimita 7 au 8 za zebaki, kizio cha hizi namba za presha. Mtu mwenye 132 anasoma 140, anaanza kukosa usingizi bure.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi, sentimita 2 au 3 juu ya kiwiko, mrija ukielekea upande wa ndani wa mkono. Vidole viwili vipite chini yake. Usikunje mkono wa nguo juu ya bega ukabana, vua. Na chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa huo, mgandamizo hauufikii mshipa vizuri, mashine inalazimika kubana zaidi, namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Nunua mkanda mkubwa. Usiongeze dawa kwa kosa la mkanda!

Pima mara mbili, ukipisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na chakula, kisha jioni. Fanya hivyo siku 7, andika kila namba kwenye daftari, hata zile usizozipenda. Acha za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni wa juu. Siku ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule unaosoma juu zaidi.

Ikisoma 180/120 au zaidi, mpumzishe, rudia baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, pumzi kukata, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kutotamkika, wacheni kupima. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Na jamani, namba nzuri si ruhusa ya kuacha dawa! Mara nyingi ni nzuri kwa sababu ya hizo dawa. Presha iliyopanda haiumi, lakini kila siku inaunenepesha ukuta wa moyo upande wa kushoto na kuharibu mishipa ya figo. Usimwache mama akiitafuta kwa kichwa kuuma.

Kwa huyu msomaji: vipimo vyako viwili vya mwisho vina wastani wa 145 kwa 88 na kitu, navyo vimetoka siku moja tu. Anza daftari kesho asubuhi. Siku ya 8 mpeleke mama kliniki na daftari lake, na mashine uibebe, wailinganishe na ya kwao.