Maswali yenu: Aprili nikija New Orleans, nianzie wapi?

Mardi Gras, ile karnivali kubwa ya mji huu, ikishapita, barua zenu huongezeka. Baridi inakuwa imekatika, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei New Orleans ni muziki juu ya muziki. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Baba alikuwa akipiga tromboni kwenye matarumbeta ya maharusi. Mji huu nimeingia 2009, siku za kazi niko chumba cha kufulia cha hoteli moja, na Jumapili zangu ni za muziki. Safari hii nimechagua barua nne.

*Shikamoo Mama. Nasoma Houston, mwaka wa pili. Nina dola 150 za kula, kulala na muziki, na wikiendi moja tu ya kutoka. Wenzangu wananiambia nisubiri Jazz Fest kwa kuwa ndiko wanakokuja wanamuziki wakubwa. Niwasikilize?*
*Mwanafunzi, Houston*

Marahaba mwanangu. Kwa dola 150, usiwasikilize. Jazz Fest, tamasha kubwa la muziki la huku, huangukia wikiendi ya mwisho ya Aprili na ya kwanza ya Mei, na tiketi ya siku moja siku hizi ni kama dola 100 hivi. Vyumba navyo hupanda bei wiki hizo mpaka unashika kichwa. Mimi naziona bei zenyewe kazini. Ukishalipa getini utabaki na nauli ya kurudia chuo.

Wewe njoo katikati ya Aprili, kwenye French Quarter Festival. Lilianza 1984 na mpaka leo halina kiingilio. Ni siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, majukwaa yametapakaa mji mkongwe, mengine ukingoni kabisa mwa mto Mississippi, mengine ndani mitaani. Wanaopiga karibu wote ni watu wa hapa hapa. Utamkuta mzee wa klarineti ambaye Jumatatu utapishana naye sokoni amebeba vitunguu, na siku hiyo kavaa tai, anapiga mbele ya watu elfu kadhaa. Hao ndio wakubwa ninaowafuata mimi.

Simaanishi Jazz Fest ni baya, nalipenda sana. Lilipoanza 1970 lilifanyika pale Congo Square, wakaja Mahalia Jackson na Duke Ellington, na watazamaji walikuwa kama 350 tu, pungufu ya wanamuziki wenyewe. Miaka miwili baadaye likahamia Fair Grounds, uwanja wa mbio za farasi, na huko ndiko limekua. Litakungoja ukianza kazi.

Kutoka Houston hadi hapa ni kama kilomita 560, basi linakula saa sita au saba. Usitafute kitanda ndani ya French Quarter, yaani huo mji mkongwe. Lala mbali kidogo, panda tramu: safari moja ni dola 1.25, tiketi ya kutwa dola 3. Jioni tembea mpaka Frenchmen Street. Kama hujatimiza miaka 21, mabaa mengi hutapita mlangoni, lakini usisononeke, kwa sababu kwenye kona ya Frenchmen na Chartres mara nyingi vijana hupiga matarumbeta barabarani hadi usiku mwingi.

Jambo moja nakuomba kama mwanangu. Tenga dola 20 za noti moja moja. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunajua kutunza: wimbo ukikuingia, unainuka na noti mkononi mbele ya watu. Hapa hawapeperushi noti, wanaweka ndoo mbele ya bendi, lakini maana ni ile ile. Palipo na muziki wa bure, ndoo hiyo ndiyo kodi ya nyumba ya mtu. Ukikaa nyimbo nne bila kutia kitu umekula bila kulipa.

*Dada, asalaam aleikum. Tunaishi Columbus, Ohio, tuna watoto wa miaka 8 na 13. Baba yao anapenda jazi tangu tukiwa Mombasa. Hatunywi pombe, na kila picha ya New Orleans ninayoiona ni ya watu wamelewa. Kuna mahali pa familia kweli? Na chakula je?*
*Mama wa wawili, Columbus*

Waaleikum salaam dada yangu. Picha hizo ni za Bourbon Street, na mji si barabara moja. Nimekaa hapa miaka yote hii na Bourbon napita tu nikiwa na haraka.

Anzeni na Preservation Hall, St. Peter Street. Pamefunguliwa 1961, na hakuna pombe inayouzwa ndani. Watoto wanaruhusiwa. Ni chumba kidogo, kuta zimebanduka rangi, mabenchi machache, na mbele kabisa kuna mito ya kukalia sakafuni. Onyesho ni kama dakika 45, muda ambao mtoto wa miaka 8 anauweza. Mkalishe kwenye mto: kiatu cha mpiga tromboni kitakuwa hatua moja kutoka kwenye goti lake, atauona mdomo unavyobana na shavu linavyotetemeka. Mimi nilimpeleka mpwa wangu hivyo, na tulipotoka nje hakusema neno mpaka tumefika kituo cha tramu. Nunueni tiketi mapema kwenye mtandao, maana mlangoni foleni huwa ndefu.

Jazz Fest nalo ni la mchana, saa tano asubuhi hadi saa moja jioni, na familia ni nyingi. Watoto hadi miaka 10 hulipa dola chache tu wakiwa na mzazi. Yule wa 13 mtamlipia kama mtu mzima. Kuna hema la watoto, na nyasi za kutosha kutandika msala pembeni bila mtu kuwauliza.

Kwenye chakula muwe macho. Gumbo ni mchuzi mtamu sana lakini mara nyingi una soseji ya nguruwe. Maharage mekundu ukiyaangalia unadhani ni mboga tupu, kumbe yamechemshwa na nyama hiyo hiyo. Jambalaya, pilau ya huku, vilevile. Ulizeni kila banda, wala msione haya. Mkifika upande wa uwanja wa Jazz Fest uliopewa jina la Congo Square, tafuteni Bennachin, mgahawa wenye mapishi ya Kameruni na Gambia ambao umeuza pale kwa miaka mingi. Wana kitu wanakiita jama-jama, mboga ya majani ya kukaanga, kando yake ndizi za kukaanga. Nilipoonja mara ya kwanza nilikaa chini kwenye nyasi, nikakumbuka mchicha wa mama.

Na kama mnaweza kuwahi, Jumapili ya tatu ya Machi huwa ni Super Sunday. Watu weusi wa mitaa ya hapa hutoka na mavazi ya manyoya na shanga waliyoyashona kwa mkono mwaka mzima, mengine yanazidi kilo 40, wakiimba na kupiga matari barabarani. Ni bure. Yule wa 13 atawashukuru. Mvua ikinyesha, huahirishwa.

*Nimeshanunua tiketi ya Jazz Fest kutoka huku. Mvua ikinyesha wanarudisha pesa?*
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Tamasha huendelea, mvua au jua. Njoo na gambuti, maana uwanja wa farasi ukilowa ni tope la kwelikweli, na koti la mvua jepesi. Mvua ikianza usikimbilie getini, ingia mahemani: la injili, la bluzi, au Economy Hall wanakopiga jazi ya zamani na wazee wanazunguka ndani na miavuli iliyotiwa mapambo. Baadhi ya bendi ninazozienzi mpaka leo nilizisikia kwa sababu mvua ilinisukuma humo.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mpiga tarumbeta, tunapiga maharusi Tanga, Muheza na Korogwe. Ndugu yangu wa Atlanta amenialika, visa ya matembezi imetoka, na mwanzoni mwa Mei tutakuja New Orleans. Nije na tarumbeta? Naweza kupanda na bendi ya huko? Na hiyo second line ninayoisikia ni kitu gani hasa, mgeni anaruhusiwa?*
*Mpiga tarumbeta, Tanga*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimempigia kaka yangu Tanga nikamsomea.

Njoo nalo. Ila kwanza la sheria, tulimalize: visa ya matembezi haikuruhusu kupiga kwa malipo. Wanamuziki wanaolipwa wanaombewa visa ya namna nyingine. Ukialikwa kupuliza wimbo mmoja kwa mapenzi, puliza. Mgao wa ndoo usiupokee, hata wakikubembeleza.

Sasa second line, yaani mstari wa pili. Huku kuna vyama vya mitaani vilivyoanza zamani vikiwa vya kufaana: mtu akiugua wanamchangia, akifa wanamzika. Wewe wa Tanga huhitaji nikueleze chama cha kuzikana. Kila chama kina Jumapili yake ya mwaka, na msimu unaanza mwishoni mwa Agosti hadi Juni. Wanachama wanatoka na suti za rangi moja, viatu vya rangi moja, mafeni ya manyoya mikononi, bendi ya matarumbeta nyuma yao. Huo ndio mstari wa kwanza. Mstari wa pili ni sisi wote tunaofuata, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Ni mchana mzima, kama saa nne za kutembea na kucheza, na pembeni watu wanachoma nyama nyuma ya pikapu na kuuza maji ya baridi. Redio ya hapa, WWOZ 90.7, hutoa njia ya kila Jumapili.

Nilipoiona mara ya kwanza nilisema: hii ni mdundiko, na hii ni beni. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za Marini na Arinoti, makundi mawili ya beni, sare zao, vyeo vyao, jinsi walivyoshindana mpaka mtaa unagawanyika. Beni ilizaliwa pwani yetu miaka ya 1890, watu wakazichukua tarumbeta za bendi za wakoloni wakazipigia mambo yao wenyewe. Huku nako watu weusi walizichukua ala hizo hizo za kijeshi wakazipeleka kwenye mazishi na sherehe zao. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, na ukisimama katikati yake utaona jinsi zinavyofanana.

Ukifika, kabla hujaiangalia tarumbeta, angalia ngoma kubwa. Juu yake wamefunga toazi moja. Mkono wa kulia unapiga ngoma kwa kirungu, wa kushoto umeshika waya wa henga ya nguo uliokunjwa, au bisibisi, unagonga lile toazi. Kila mguu wa barabara nzima unakwenda na ule mlio mwembamba, *ting, ting*, katikati ya vishindo. Nilitembea pembeni ya mpigaji mmoja mtaa wa Tremé, nikaona waya umemchuna kidole na damu imekauka, na hakukosa hata pigo moja. Usikie huo mlio nusu saa nzima kabla hujafikiria kupuliza. Ukipuliza kama tunavyopuliza Tanga, juu ya pigo, utakuwa mbele yao. Wao hulala nyuma ya pigo kidogo, na ule uvivu ndio utamu wenyewe.

Adabu yake iko hivi. Pembeni mwa wanachama na bendi kuna watu wameshika kamba ndefu. Ndani ya kamba si pako. Jumapili yangu ya kwanza nilipita chini ya kamba ili nimwone mpiga tromboni, mzee mmoja wa chama akanishika bega akanirudisha taratibu, akaniambia, "Mama, wamelipia hii." Kweli wamelipia: suti, bendi, kibali, polisi wa kusindikiza, vyote vinatoka mifukoni mwa madereva na wapishi. Kwa hiyo usitoe tarumbeta lako kwenye second line mpaka uitwe.

Pa kupigia ni barabarani na kwenye vilabu vidogo. Simama mbele ya bendi, tia ndoo, sikiliza mpaka wapumzike, kisha mwendee kiongozi, umwambie unatoka Tanga na kazi yako ni kupigia maharusi. Uwe na nyimbo tatu nne za kanisani za huku kichwani, bila karatasi, maana hizo kila bendi inazijua. Weka na video ya harusi ya Muheza kwenye simu. Hiyo itakufungulia milango kuliko maneno yangu. Kijana mmoja wa tuba nilimwonesha ya kwetu, akairudia mara sita, akaanza kuipuliza palepale.

Mdomo wa tarumbeta ubebe mkononi kwenye ndege, usiuweke kwenye begi la chini.

Na Jumapili utakayokuwa hapa, kabla ya yote, njoo Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Watumwa walikuwa wakikusanyika pale Jumapili kupiga ngoma zao, na 1817 mji ulitunga sheria ya kuwabana mahali pamoja. Jumapili alasiri mpaka leo watu hukaa duara wakapiga ngoma, na mgeni hakatazwi. Mimi huwa upande wa barabara ya Rampart, nimefunga kanga na kuvaa raba. Toa tarumbeta lako pale kwa mara ya kwanza, unipigie ile ya kumtoa bwana harusi kwao.