Walinzi wengi hawamrudishi mchezaji

SWALI: Yaya, niko Himbi, hapa Goma. Nimeunda misheni ya The Dark Mod, mchezo wa kompyuta wa kunyemelea na kuiba: nyumba ya mfanyabiashara, kiwanja cha mawe ya volkano, ghorofa moja, walinzi 9. Wenzangu wanaimaliza mara moja, hawarudi tena. Nikiweka walinzi 20 na hazina ikawa inahamahama kwa kubahatisha, itasaidia?

JIBU: Mdogo wangu, usiongeze hata mlinzi mmoja. Ushauri huo wa kuzidisha walinzi na kuchanganya hazina unazunguka kila mahali, na umeharibu misheni nyingi zilizoanza vizuri. Anayerudia mchezo wa kunyemelea anarudi na alichojifunza: mlinzi wa ngazi hugeukia wapi, mlango upi unalia, kivuli kinaishia wapi. Ukivihamisha vyote kwa kubahatisha, umemnyang'anya hicho hicho kilichomrudisha. Na walinzi 20 katika nyumba hiyo watafunga kila kona, mpaka ibaki njia moja tu ya kupita. Aliyeipata hana sababu ya kurudi.

Hesabu njia, na kila njia uipe gharama yake. Kiwanja chako tayari kina gharama: mawe hayo yanalia chini ya kiatu. Weka mishale miwili ya kuvumwani, ile inayotandaza kuvumwani laini sakafuni ili hatua zisisikike, mahali panapohitaji mitano, ili mchezaji achague wapi atembee kimya na wapi ajihatarishe. Paa la mabati lisiwe na mlinzi, kwa kuwa kelele ya mabati inatosha kuwa mlinzi. Atakayefika huko apande kwa mshale wa kamba kwenye boriti ya roshani, lakini hakikisha boriti imevikwa matirio (aina ya uso wa kitu mchezoni) ya mbao. Ukiivika ya jiwe, mshale hautashika, na watu watadhani mchezo umeharibika. Njia ya tatu ni mlango wa jikoni, ufunguo ukiwa kiunoni mwa mlinzi: kimya kabisa, ila itabidi kumsubiri.

Misheni nyingi huharibika hapa: milango mitatu nje, yote inaingia ukumbi uleule. Chaguo la mchezaji linakufa baada ya hatua chache. Njia ya paa imshushe chumbani juu, ya jikoni imtoe ghalani, zikutane ndani sana, karibu na hazina.

Mwanga nao uchanganye. Mshale wa maji unazima moto, hauzimi taa ya umeme. Weka mienge ukumbini na taa za umeme chumba cha hazina, kisha unganisha taa hizo na swichi ya jenereta uani. Anayezima jenereta anapata giza ila mlinzi mmoja atatoka kuja kutazama, na anayeiacha ikiwaka atanyemelea kwenye mwanga.

Kubahatisha kidogo si vibaya. Kwenye DarkRadiant, programu ya kuundia misheni, path_corner (nukta ya njia ya doria) moja ukiiunganisha na mbili, mlinzi huchagua mojawapo mwenyewe. Fanya hivyo kwa mlinzi mmoja au wawili kati ya 9, basi. Mchezaji anaweza kujifunza uwezekano wa namna mbili. Wa namna kumi hawezi. Mzunguko wa doria uwe kati ya sekunde 40 na 70. Ukipita dakika mbili, aliyejificha atachoka na kukimbia tu.

Viwango vya ugumu visiwe walinzi zaidi. Mchezo wa kunyemelea wa Thief, wa Looking Glass Studios, mwaka 1998, uliongeza malengo: mali zaidi ya kuiba, na kwenye Expert, kiwango cha juu, mara nyingi marufuku kuua. Kwako, tumia diff_2_nospawn, mpangilio unaozuia kitu kisitokee kwenye kiwango fulani, kuondoa mishale ya kuvumwani kwenye kiwango cha juu, uongeze lengo moja linalompeleka mchezaji sehemu ya nyumba asiyoizoea.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote: mlango usiofunguka mpaka barua fulani isomwe, hata kama mchezaji anaijua namba ya sefu tangu mara ya kwanza. Mwache aende moja kwa moja! Huko kufupisha njia ndiyo zawadi yake ya kurudi. Anayefungia maarifa kwa skripti anamlazimisha mtu kurudia kazi ileile.

Na wale wanaouza vifurushi vya «misheni isiyochosha» kwenye makundi ya simu, doria tayari, hazina za kubahatisha tayari, waepuke. Doria hupimwa kwa vivuli na sakafu za nyumba yako. Ya nyumba nyingine itampeleka mlinzi ukutani, au atasimama gizani asipoonekana na mtu yeyote. The Dark Mod na DarkRadiant zote mbili ni za bure. Fedha hiyo nunua mafuta ya jenereta, umwite mwenzako ambaye hajaiona misheni, acheze mara mbili mfululizo huku wewe umenyamaza. Akipita mlango uleule mara zote mbili, njia zile nyingine bado hazina faida kwake, na hizo ndizo za kurekebisha kabla ya kitu kingine chochote.